Maporomoko ya Sanje: Historia ya Miamba na Haja ya Istilahi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele yetu ili zipatiwe tafsiri, zipo zile zinazohusu ardhi: vitabu vya jiografia vya shule, taarifa za mabwawa na barabara, vijitabu vya hifadhi, na maonyo yanayotolewa kwa wananchi wakati wa masika. Kwa sura ya nje kazi hizi huonekana nyepesi, kwani kila mtu anajua mlima ni nini na jiwe ni nini. Lakini mfasiri akiingia ndani yake hukwama upesi. Tuliwahi kupokea rasimu moja ambamo mfasiri, alipokutana na neno la kigeni litajalo mahali ambapo miamba imekatika na upande mmoja ukahama, alikwenda kwenye kamusi, akakuta kwamba neno hilo lina maana ya "kosa", naye akaandika kuwa milima ile ilitokana na "kosa la ardhi". Hatukumcheka. Alikuwa mtu makini aliyezijua vema lugha zote mbili. Alichokosa ni kuujua mlima.

Kwa sababu hiyo, katika makala haya tumeamua kufuata njia iliyo tofauti kidogo na ile ya orodha. Badala ya kupanga maneno kwa alfabeti, tutachukua kitu kimoja, yaani maporomoko ya maji ya Sanje katika milima ya Udzungwa, tueleze jinsi yalivyotokea tangu asili ya miamba yake. Na kila tupitapo penye jambo linalohitaji jina, tusimame tulipime neno tulilonalo. Tunaamini kwamba istilahi haizaliwi katika kamusi bali katika kukifahamu kitu chenyewe, na kwamba asiyekifahamu kitu hawezi kukipa jina litakalodumu.

MAHALI PENYEWE

Mto Sanje hushuka kutoka katika misitu ya upande wa mashariki wa milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Huanguka kwa hatua, kwa kimo cha meta 170 hivi kwa jumla, kisha huteremka hadi bonde la Kilombero, ambalo maji yake huishia katika mto Rufiji. Milima hiyo, ambayo sehemu yake ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, ina kilele kiitwacho Luhombero chenye kimo cha zaidi ya meta 2,500 juu ya usawa wa bahari, hali bonde lililo chini yake lina kimo cha meta 300 hivi tu.

Msafiri anayetoka Kidatu kwenda Ifakara, kwa barabara au kwa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huiona tofauti hiyo waziwazi. Kushoto kwake ni tambarare ya miwa na mpunga. Kulia kwake ardhi inasimama ghafla kama ukuta. Hakuna vilima vya kumwandaa mtu, wala mwinuko wa pole pole. Ukuta huo, na wala si mto, ndio mwanzo wa habari yetu. Kwani mto ukipita penye tambarare hauanguki, na palipo na maporomoko hapana budi kwanza pawe na sababu ya ardhi kukatika.

LUGHA YA PWANI NA JIWE LA BARA

Kabla ya kuingia katika historia ya miamba, inafaa tukumbuke historia ya lugha. Kiswahili kilikulia pwani, na jiwe la pwani ni la aina yake. Ni tumbawe, yaani jiwe lililojengwa baharini na viumbe vidogo. Jiwe jepesi, lenye vitundu, linalokatwa kwa shoka na kuchomwa likatoa chokaa. Kwa jiwe hilo zilijengwa nyumba za Kilwa, Unguja, Mombasa na Lamu. Hata neno "mwamba", ambalo leo hulitumia kwa jiwe lolote kubwa la ardhini, kwa baharia lilikuwa na lingali na maana ya jiwe la baharini linalopasua vyombo.

Tunalitaja jambo hili kwa kuwa watu wengine hulichukua kama upungufu wa lugha, wakisema kwamba Kiswahili hakina maneno ya milima. Ukweli ni kwamba lugha hii imepanda milima pamoja na wasemaji wake, na kila ilipofika imechukua au imezaa maneno. Ilikuwa na "jabali" kwa jiwe kubwa lisilotikisika, "genge" kwa mahali palipokatika wima, "korongo" kwa bonde jembamba lililochimbwa na maji, "changarawe" na "kokoto" kwa mawe madogo kwa kadiri ya ukubwa wake. Ilikuwa na "itale" kwa lile jiwe gumu la chembechembe, ambalo msomaji anaweza kuliona Mwanza likiwa limesimama juu ya maji ya ziwa. Ilikuwa pia na "ulanga", yaani yale madini yanayong'aa na kubanduka kwa tabaka nyembamba kama karatasi, ambayo yalichimbwa katika milima ya Uluguru tangu enzi ya Wadachi. Haba na haba hujaza kibaba. Mfasiri asikimbilie kukopa kabla ya kutazama ghalani.

MIAMBA ILIYOGEUZWA

Wanasayansi huigawa miamba yote ya dunia katika koo tatu. Ukoo wa kwanza ni wa miamba iliyotokana na ujiuji wa moto wa ndani ya dunia uliopoa na kuganda. Hii tunaiita "miamba ya moto", na itale ni mojawapo. Ukoo wa pili ni wa miamba iliyotokana na mchanga, tope, au mabaki ya viumbe yaliyotuama tabaka juu ya tabaka yakagandamana. Hii huitwa "miamba ya mashapo". Tunaliona neno hili kuwa zuri sana, kwa sababu kila aliyewahi kumimina kinywaji akayaacha masalio chini ya chombo anajua mashapo ni nini, na mwalimu hahitaji kueleza mara mbili.

Ukoo wa tatu ndio unaotuhusu hapa, nao ndio wenye taabu. Ni wa miamba ambayo hapo kwanza ilikuwa ya moto au ya mashapo, kisha ikazamishwa kwenye kina kikubwa ambako joto na mgandamizo viliibadili tabia bila kuiyeyusha yote. Sehemu kubwa ya miamba ya Udzungwa ni ya ukoo huu. Jina ambalo limeanza kutumika ni "miamba geu". Wako wanaolipinga, wakisema kwamba linakumbusha "kigeugeu", yaani mtu asiye na msimamo, hali miamba hii ndiyo yenye msimamo kuliko yote. Hoja hiyo inachekesha, lakini haina uzito. Mzizi wa neno ni kugeuka, na kugeuka ndiko kulikotokea. Linalotakiwa ni mwandishi alieleze neno mara ya kwanza alitumiapo, kisha alishike hadi mwisho, asije akaita "miamba geu" ukurasa wa kwanza na "miamba badilifu" ukurasa wa pili, mwanafunzi akadhani ni vitu viwili.

Mageuzi yenyewe yalikuwa makubwa. Sehemu ya miamba hiyo ilikuwa tayari na umri wa zaidi ya miaka milioni 1,500 pale ilipopatwa na misukosuko iliyoipa sura yake ya sasa. Hiyo ilikuwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana na safu kubwa ya milima ikajengeka kuelekea kaskazini na kusini, katika eneo ambalo leo ni mashariki ya Afrika. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, katika andiko lililotoka mwaka 1951, aliuita ukanda wa miamba hiyo kwa jina la Msumbiji. Chini ya milima hiyo ya kale, kwenye kina cha kilomita 30 hivi, joto lilipanda kupita nyuzi 700 za Sentigredi. Madini ya miamba yalijipanga upya, meupe kwa meupe na meusi kwa meusi, hata jiwe likapata milia. Jiwe hilo la milia huitwa naisi. Anayesimama chini ya maporomoko ya Sanje huweza kuiona milia hiyo kwenye mawe yaliyosuguliwa na maji.

Hapa mfasiri na aangalie jambo moja. Milia ya naisi si matabaka ya mashapo. Matabaka yaliwekwa moja juu ya jingine kwa zamu, kama magunia ghalani. Milia ilitokea kwa madini kujitenga ndani ya jiwe moja. Mwandishi akitumia neno "tabaka" kwa vyote viwili, amemfundisha mwanafunzi kwamba mlima wa Udzungwa ulikuwa sakafu ya bahari iliyotulia, na mwalimu atakayefuata atakuwa na kazi ya kung'oa kabla ya kupanda. Tunapendekeza "tabaka" libaki kwa mashapo na kwa lava, na "milia" litumike kwa naisi.

KUINUKA KWA MILIMA

Milima ile ya kale iliyojengwa na mgongano haipo tena. Ilimomonyolewa kwa mamia ya mamilioni ya miaka hata mizizi yake ikafika juu. Miamba tunayoigusa leo ndiyo mizizi hiyo. Basi mtu asidhani kwamba umri wa mwamba ndio umri wa mlima. Nyumba yaweza kuwa mpya hali mawe yake ni ya kale.

Mlima wa sasa uliinuka kwa njia nyingine. Wakati wa kipindi kiitwacho Karoo, kilichoanza miaka milioni 300 hivi iliyopita, bara kuu la kusini lilianza kunyooshwa na kupasuka, na mistari ya udhaifu ikachorwa katika ardhi hii. Baadaye sana, katika makumi ya mamilioni ya miaka ya karibuni, mistari hiyo iliamshwa tena pamoja na misukosuko ya Bonde la Ufa. Upande mmoja wa mstari ulipanda ukawa milima. Upande wa pili ulishuka ukawa bonde la Kilombero. Kwa namna iyo hiyo viliinuka vipande vingine, kuanzia milima ya Taita nchini Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Vikitazamwa katika ramani vimepinda kama upinde. Ndiyo maana huitwa Milima ya Tao la Mashariki, na jina hilo tunalisifu kwa kuwa halikuhitaji maelezo.

Sasa tumefika penye lile neno lililomponza mfasiri wetu. Jiwe linaweza kupasuka bila pande zake kuhama, kama ukuta wa nyumba unavyopasuka. Linaweza pia kupasuka, kisha upande mmoja ukapanda, ukashuka, au ukateleza. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake si ndogo, kwani la pili ndilo lijengalo milima na litikisalo ardhi. Tunapendekeza lile la kwanza liitwe "ufa", kama ilivyo katika mazungumzo ya kila siku, na la pili liitwe "mpasuko". Kadhalika tunapendekeza mwandishi asiyatumie maneno hayo mawili kama visawe katika maandishi ya taaluma.

Msomaji atauliza: Je, Bonde la Ufa nalo lisiitwe sasa Bonde la Mpasuko? Kwa mantiki tupu, jibu lingekuwa ndiyo, kwa sababu bonde hilo si ufa tu. Ni ardhi iliyoshuka baina ya mipasuko. Lakini jina hilo limekwisha kuota mizizi katika vitabu, katika ramani na katika vinywa vya watu. Neno lililokubaliwa na wengi halivunjwi kwa sababu mtaalamu mmoja amepata wazo bora. Kazi yetu ni kusanifu lugha, si kuwasumbua wenye lugha.

KAZI YA MTO

Ukuta ulipokwisha kusimama, mto ulipata kazi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa mashariki zikiwa na unyevu, nazo zipoapo huleta mvua. Ndiyo sababu upande huo una msitu mnene na mito isiyokauka. Maji yakifika ukingoni hayana njia ila kuanguka. Yanapoanguka hupiga mwamba, huchimba shimo chini yake, hupenya katika nyufa, na hubeba mawe yanayosaga mawe mengine. Mahali ambapo mwamba una nyufa nyingi, mto hula upesi. Mahali ulipo mzima na mgumu, mto hukawia, na pale hubaki hatua. Hivyo ndivyo maporomoko yanavyopata ngazi zake, na hivyo ndivyo yanavyorudi nyuma kidogo kidogo kuelekea chanzo cha mto. Kwa hiyo mwamba ni mzee sana, mlima ni kijana, na maporomoko ni mtoto.

Si maporomoko yote yaliyozaliwa hivyo. Yale ya Kinukamori, huko Marangu, yako kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mlima wa volkano, ambako maji hupita juu ya miamba ya moto iliyotokana na lava. Yale ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja katika genge la Bonde la Ufa karibu na Ziwa Tanganyika, na mwamba wake asili yake ni mchanga uliogandamana ukawa mgumu kupita kiasi. Mfasiri aliyezoea kuandika kwamba "maporomoko haya yalitokana na volkano", kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kuhusu Kilimanjaro, atakuwa amepotosha mara mbili.

Katika kazi ya mto tunapenda pia kutenga maneno mawili ambayo hugongana. Mvua na joto la msituni huulainisha mwamba palepale ulipo, hata naisi ngumu ikawa udongo mwekundu unaochimbika kwa jembe. Huko ni "kuchakaa" kwa mwamba. Maji yanapouchukua udongo huo na kuupeleka kwingine, huo ndio "mmomonyoko". Bwana shamba anayewaambia wakulima wazuie mmomonyoko anawaambia jambo linalowezekana; akiwaambia wazuie kuchakaa kwa mwamba atakuwa amewapa kazi isiyo na mwisho.

Maji yenyewe, hata yale yaliyokwisha kuvunjika hewani, yana jina lake: manyunyu. Katika sehemu ya kusini ya milima hiyohiyo, yako maporomoko ya Kihansi, ambako kimo cha zaidi ya meta 800 kilitumiwa kuzalisha umeme wa megawati 180, kazi iliyokamilika mwaka 2000. Mwaka 1996 waligunduliwa hapo vyura wadogo wasiopatikana kwingineko duniani, walioishi katika manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua. Na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba vyura hao wametoweka mahali pao pa asili, wakabaki wale tu waliokuwa wakifugwa. Walianza kurudishwa mwaka 2012. Tunataja habari hii kwa mtumishi anayefasiri taarifa za mazingira: akiandika "unyevu" palipotakiwa "manyunyu", atakuwa ameliacha jambo lenyewe nje ya taarifa.

MAPOROMOKO NA MPOROMOKO

Tumelitumia neno "maporomoko" tangu mwanzo wa makala haya bila kulihoji. Hata hivyo ndilo lenye haja kubwa kuliko yote. Kwa sasa neno hilo linabeba mizigo miwili. Husemwa "maporomoko ya maji", nacho ni kitu cha kudumu, kizuri, ambacho watu hulipa kiingilio kukitazama. Husemwa pia "maporomoko ya ardhi", nalo ni tukio la dakika chache linalofukia nyumba na watu wake.

Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakateremka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa kuwa Hanang ni mlima uliojengwa na volkano zama za kale, wapo waliodhani kwamba volkano imeamka. Ilibidi wataalamu waeleze kwamba haikuwa hivyo: miamba dhaifu ilinyonya maji, ikashindwa kujizuia, ikameguka. Katika saa kama hizo maneno si pambo. Anayeogopa volkano hukimbia mlima wote. Anayejua kwamba ni tope la mvua hukimbia mkondo na korongo. Na anayesikia redioni kwamba "kuna maporomoko mlimani" ana haki ya kuuliza: Je, niende kutazama au nikimbie?

Kiswahili kina dawa yake ndani ya sarufi. Kutokana na vitenzi vya namna hii lugha yetu huunda nomino za ngeli ya M-/MI- kutaja tukio: kulipuka hutoa mlipuko, kumomonyoka hutoa mmomonyoko, kufumuka hutoa mfumuko. Kwa kanuni hiyo hiyo kuporomoka hutoa "mporomoko", na magazeti yamekwisha kulizoea katika kusema mporomoko wa bei. Basi tunapendekeza "maporomoko" liachwe liwe jina la mahali maji yaangukapo, na "mporomoko" liwe jina la tukio: mporomoko wa ardhi, mporomoko wa tope, mporomoko wa mawe. Ni herufi chache tu zinazobadilika, na hakuna neno la kukopa. Lakini onyo litakuwa limesema jambo moja.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, tumependekeza kwamba "ufa" litumike kwa jiwe lililopasuka bila kuhama na "mpasuko" kwa lile lililohama. Kwamba "tabaka" litengwe na "milia". Kwamba "kuchakaa" kutengwe na "mmomonyoko". Kwamba "miamba geu" likubaliwe na kushikwa. Na kwamba "mporomoko" litengwe na "maporomoko". Haya ni mapendekezo, si amri. Neno hupitishwa na kikao, lakini hukubaliwa na watu.

Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, na watumishi wa wilaya zenye milima watuandikie majina ambayo wenyeji wanayatumia kwa mawe, makorongo na miteremko yao. Wakazi wa chini ya Udzungwa, wa Uluguru na wa Hanang wameishi na ukuta huo kwa vizazi vingi kabla ya wanajiolojia kuja na nyundo zao. Hatuna shaka kwamba miongoni mwa maneno yao yamo tunayoyatafuta, nasi tungependa kuyapokea kabla ya masika mengine.